Huu Ni Moshi, Wala Si Ukungu

Kila mwaka, katika insha za "Maendeleo ya Mji Wetu", hupatikana sentensi ya namna hii: "Mji wetu umeendelea sana kwa kuwa viwanda vyake vinatoa moshi mchana na usiku." Mwalimu huisoma, huona kuwa upatanisho wa kisarufi ni sahihi, huweka alama ya vema na kupita. Mwanafunzi hana lawama. Ameiona kauli hiyo katika picha ambazo humo maendeleo ni dohani ndefu yenye wingu jeusi kichwani, na ameisikia kwa wakubwa ambao kila wanapoulizwa habari za hewa ya Kampala hujibu kwamba nchi inayokua haina budi kutoa moshi. Sisi twasema kauli hiyo ni ya uongo. Twasema pia kwamba kuipinga si kazi ya madaktari peke yao, kwa sababu uongo huo unaishi ndani ya maneno, na maneno ndiyo shamba letu.

Tuanze na mahali tulipo. Kampala ni mji wa vilima, na penye vilima pana mabonde. Alfajiri hewa ya baridi hutulia bondeni, na hewa yenye joto zaidi huikalia juu mithili ya kifuniko cha chungu. Chochote kinachowashwa chini ya kifuniko hicho, iwe ni sigiri ya mkaa, lundo la takataka, jenereta la duka au injini ya boda boda, moshi wake hukosa pa kutokea. Mtu aliyelala Kololo au Nakasero akifungua dirisha hutazama chini kuelekea Bwaise, Katwe na Kisenyi, akaona weupe umetanda juu ya mabati, akasema, "Tazama ukungu ulivyopendeza." Lakini ukungu ni maji. Humlowesha apitaye ndani yake, na jua likipanda hutoweka bila kumdhuru mtu. Kinachobaki Bwaise saa nne ya asubuhi hakilowi. Kinanuka, kinawasha macho, na nguo nyeupe iliyoanikwa uani huanuliwa ikiwa na masizi. Aliye juu hukiita ukungu kwa sababu hakivuti.

Ndani ya moshi huo mna chembe ndogo mno, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, yaani kama sehemu moja ya thelathini ya unene wa unywele. Vumbi la kawaida la barabarani huzuiwa na pua, au hutolewa kwa kikohozi. Chembe hizi hazizuiliki. Hushuka hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na nyingine hupenya zikaingia katika damu na kusafiri nayo hadi moyoni na ubongoni. Ndiyo sababu madhara ya moshi si kikohozi na pumu tu, bali pia kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, na mwaka 2013 uchafu wa hewa ya nje kwa jumla ukaingizwa katika kundi hilo hilo. Mwaka 2021 Shirika likashusha kipimo chake: wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo, ambapo hapo awali kipimo kilikuwa 10.

Wastani wa Kampala ni mara kadhaa ya kipimo hicho. Wala hatusemi haya kwa kubahatisha, au kwa kuletewa hesabu na wageni. Tangu mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu chetu cha Makerere, katika mradi uitwao AirQo, wamekuwa wakiunda wenyewe vifaa vya kupimia hewa vinavyostahimili joto letu, vumbi letu na umeme wetu wa kukatika-katika. Vingine vimefungwa hata kwenye pikipiki za boda boda ili vipime mitaa ambayo humo hakuna kituo. Leo vifaa hivyo vyatumika katika miji mingine ya Afrika. Vipimo vyenyewe vyaonyesha kile ambacho kila mpita njia angeweza kukisema: uchafu huzidi asubuhi watu waendapo kazini na watoto shuleni, ukapungua mchana, ukapanda tena jioni foleni zinaporudi na majiko yanapowashwa. Kwa hiyo saa ambayo mtoto wa darasa la kwanza yuko kando ya barabara na mkoba wake mgongoni, kichwa chake kikiwa kimo kimoja na bomba la moshi la taksi, ndiyo saa ambayo hewa imechafuka kuliko saa nyingine. Mtoto huvuta hewa nyingi zaidi kuliko mtu mzima kwa kadiri ya uzito wake, na mapafu yake bado yanajengwa.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba Ulaya ilipita katika moshi ndipo ikatajirika, na kwamba wenye kutuonya leo wanataka tubaki maskini. Hoja hii huwafurahisha wasikilizaji kwa sababu inagusa jeraha la kweli. Ni nani kati yetu asiyejua kuwa matajiri wa dunia hii walichoma makaa yao ya mawe kwa raha zao kwa karne mbili? Hata hivyo tuchunguze yaliyotokea. Desemba 1952, kuanzia tarehe 5 hadi 9, moshi wa makaa ya mawe uliganda juu ya London hata watu wakashindwa kuona miguu yao wenyewe. Hesabu ya kwanza ilitaja watu wapatao 4,000 waliokufa. Uchunguzi wa baadaye umeifikisha idadi hiyo kwenye 12,000. Na watu walipoendelea kufa hata baada ya upepo kuja na anga kutakata, serikali yao ilisema ni homa ya mafua. Tafadhali, ndugu wasomaji, liwekeni akilini neno hilo mafua, kwani tutalirudia. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi. Waingereza walikuwa wamekwisha kutajirika kabla ya juma lile, nao waliendelea kutajirika baada ya sheria ile. Hakuna mwanauchumi awezaye kutuonyesha ni senti ngapi ziliingia hazinani kwa sababu ya vifo vile.

Ikiwa Uingereza iko mbali mno nasi kwa wakati na kwa hali, tuitazame China, ambayo ndiyo husifiwa kila siku kama mfano wa nchi iliyokua haraka. Kwa miaka mingi kilichoufunika mji wa Beijing kiliitwa ukungu. Ndege zilipochelewa, sababu ilikuwa ukungu. Watoto walipozuiwa kucheza nje, sababu ilikuwa ukungu. Mwaka 2008 ubalozi wa Marekani mjini humo uliweka kifaa cha kupimia hewa juu ya paa lake na kuanza kutangaza vipimo, na Juni 2012 naibu waziri wa mazingira wa China alizitaka balozi za kigeni ziache kutangaza mambo hayo. Lakini tarehe 12 Januari 2013 kifaa kile kilionyesha maikrogramu 886. Hapo neno ukungu lilishindwa kubeba mzigo wake. Neno ambalo Wachina hulitumia sasa, wumai, limeunganisha ukungu na utusitusi wa vumbi, na lilipozoeleka magazetini ikawa vigumu kwa mkubwa yeyote kusema kwamba hakuna jambo.

Septemba 2013 serikali ya China ilitoa mpango wa kitaifa. Matanuri ya makaa ya mawe yakafungwa au yakabadilishwa, viwanda vikawekewa vichujio au vikahamishwa, nyumba zikaletewa gesi na umeme. Wastani wa Beijing, uliokuwa maikrogramu 89.5 mwaka 2013, ulishuka hadi 58 mwaka 2017, na mwaka 2021 ukawa 33. Trieni ziliendelea kujengwa na viwanda viliendelea kuuza. Hatusemi kwamba yote yalitendwa kwa haki. Katika majira ya baridi ya mwaka 2017 baadhi ya vijiji vya jimbo la Hebei vilinyang'anywa makaa ya mawe kabla gesi haijafika, na watoto wa shule wakatolewa nje ya madarasa yaliyoganda ili wasomee juani. Jambo hilo nalo tutalihitaji hivi punde. Lakini yule anayesema kwamba moshi na maendeleo ni mapacha wasiotenganishwa, hana tena China ya kuegemea.

Wala hatuna haja ya kwenda China. Palikuwapo wakati petroli yote ya Afrika ilitiwa risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto, na palikuwapo watu wa kueleza kwamba bila risasi magari ya maskini yangesimama. Ilipofika mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Magari hayakusimama. Tangu Januari 2015 Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi zimekubaliana juu ya dizeli yenye kiberiti kidogo, sehemu zisizozidi 50 katika milioni. Mabasi hayakusimama. Yaliyofanyika hufanyika, ni watu tu wanaotuambia kila mara kwamba hayawezekani.

Hoja ya pili ni ya hila zaidi, kwa kuwa ina chembe ya ukweli. Husema: moshi wa Kampala ni wa maskini wenyewe. Ndio wanaopika kwa mkaa, ndio wanaoendesha boda boda, ndio wanaochoma takataka mtaani, basi wajilaumu. Ni kweli kwamba zaidi ya nyumba tisa katika kila kumi za nchi hii hupika kwa kuni au mkaa. Lakini hebu tumwulize mama anayechoma mahindi na gonja pale kwenye kituo cha taksi: ni lini aliketi mezani akaletewa mkaa, gesi na umeme, akaambiwa achague? Mkaa huuzwa kwa kopo. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo. Septemba 2024 bwawa la Karuma, lenye uwezo wa megawati 600, lilizinduliwa rasmi kwa shangwe, na umeme upo. Lakini matoke yanayotaka saa kadhaa kuiva ndani ya majani ya migomba hayapikwi kwa umeme na mtu anayepima kila uniti kama anayepima chumvi. Mwaka 2023 Rais alipiga marufuku biashara ya mkaa unaotoka kaskazini ya nchi, na kwa upande wa misitu hatuna ugomvi na amri hiyo. Ugomvi wetu ni ule wa Hebei: moto wa maskini usizimwe kabla ya kumpa moto mwingine.

Na boda boda? Kijana yule huketi saa kumi na zaidi kwa siku nyuma ya mabomba ya magari ambayo si yake. Mengi ya magari hayo yalikwisha kutumika na kuchakaa huko yalikotengenezwa kabla ya kupakiwa melini kuja kwetu. Sheria ya mwaka 2018 ilikataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15. Tunaishukuru. Lakini gari la miaka 14 huingia, na likiisha kuingia hutembea miaka 15 mingine. Kuhusu takataka, mtu huchoma kile ambacho hakikuja kuchukuliwa. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, lililopokea uchafu wa Kampala kwa miaka mingi, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Mji ambao hauna pa kuweka takataka zake ni mji unaoziachia mitaa ziteketezwe usiku. Kumwambia mtu wa bondeni kwamba moshi huo ni wake ni sawa na kumwambia aliye chini ya mto kwamba matope ni yake kwa kuwa ndiye anayeyanywa.

Ibara ya 39 ya Katiba yetu ya mwaka 1995 yasema kwamba kila Mganda ana haki ya kuishi katika mazingira safi yenye afya. Haikusema kila Mganda wa kilimani. Mwaka 2024 zilitolewa kanuni za kitaifa zinazoweka viwango vya hewa. Zimeandikwa kwa Kiingereza, kama sheria zetu zote. Je, mchoma mahindi, mwendesha boda boda na mpishi wa shule watadai vipi haki ambayo hawajaelezwa ina jina gani?

Hapo ndipo tunapofika kwenye kazi yetu wenyewe. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili ya Uganda, nasi walimu tulishangilia. Lakini lugha rasmi isiyoweza kumwambia mtu kwamba hewa anayoivuta inamuua ni lugha ya kufungulia mikutano tu. Tutazame basi jinsi Kiswahili tunachokisikia kinavyolizungumza jambo hili.

Kwanza, husemwa "ubora wa hewa". Msomaji wa habari hutangaza kwamba "ubora wa hewa leo ni mbaya", na hakuna anayecheka. Ubora ni hali ya kuwa bora. Ubora mbaya ni kama uzuri wenye sura mbaya, au unono uliokonda. Neno limekuja na joho la kigeni, limekaa mbele ya ubaya ili kuusitiri. Kwa nini tusiseme "uchafu wa hewa", tukautaja kwa kiasi chake, kama tunavyotaja kiasi cha mvua? Pili, husemwa "uchafuzi wa hewa". Tamko hili ni sahihi, na hatulikatai. Lakini ni jina lisilo na mtenda. Uchafuzi umetokea, uchafuzi umeongezeka, kana kwamba uchafuzi ni mnyama aliyetoka porini kwa miguu yake. Mwalimu mwenye kupenda lugha na awafunze wanafunzi kuligeuza jina liwe kitenzi: fulani anachafua. Hapo ndipo swali la pili, la nani, huzuka lenyewe. Twajua kwamba darasa zima litaangua kicheko, maana kuchafua hewa kuna maana nyingine inayojulikana na kila mtoto. Wacheke. Waelezwe kwamba hata katika mzaha huo wa zamani watu hawakuulizana juu ya "uchafuzi". Waliulizana ni nani aliyechafua, na kila mmoja alimtazama jirani yake. Watu wazima nao wana msemo wao: mtu akisema ukweli unaowakera wenzake mkutanoni, husemwa amechafua hali ya hewa. Ajabu ni kwamba anayeizungumzia hewa iliyochafuka ndiye huambiwa ameichafua.

Tatu, ni yale majina ya ugonjwa. Mtoto anakohoa wiki tatu, nyumbani husemwa ni mafua ya msimu. London walisema hivyo hivyo mwaka 1952. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba moshi wa majumbani pekee uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo zaidi ya watoto 237,000 wa umri wa chini ya miaka 5, na kwamba katika vifo vya nimonia vya watoto wa umri huo, asilimia 44 vyatokana na moshi huo. Mafua hayaui kwa kiasi hicho. Kiuacho ni moshi uliopewa jina la mafua.

Hatutii chumvi tusemapo kwamba jina baya huua. Usukumani, kwa ndugu zetu wa Tanzania, vikongwe wengi waliuawa kwa mapanga kwa sababu ya kuwa na macho mekundu, nayo macho mekundu yalihesabiwa kuwa alama ya uchawi. Wekundu ule ulitoka wapi? Ulitoka jikoni. Ulitoka katika miaka hamsini ya kupuliza moto wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kuwapikia watoto wale wale na wajukuu wale wale. Moshi ulimharibu macho mwanamke, kisha jamii ikampa ugonjwa wake jina, na jina likampeleka kaburini. Kama palikuwapo mahali popote ambapo mwalimu wa lugha alihitajika kuliko polisi, ni pale.

Na kutoka nchi hiyo hiyo twaweza kujifunza jambo la kinyume. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya wananchi nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Kama lengo litafikiwa au la, wakati utasema, na walio na mashaka wana sababu zao. Sisi tunalotaka kulionyesha ni maneno yenyewe: nishati safi ya kupikia. Ni maneno manne, hayana neno hata moja la kumtisha mtu wa kijijini, na yamesemwa redioni, sokoni na bungeni hata mama ntilie akayachukua na kuyatumia kumwuliza diwani wake yatafika lini. Jambo lililokuwa la wataalamu limekuwa la watu wa kawaida kwa sababu lilisemwa kwa lugha yao tangu mwanzo, halikusubiri kutafsiriwa.

Tukiyaona hayo, macho yetu yarudi kwenye viwanja vya shule zenyewe. Shule nyingi za nchi hii hupika posho na maharage kwa kuni, kwa sufuria kubwa, katika banda ambalo moshi wake hutokea mlangoni kwa sababu halina pengine pa kutokea. Maharage hayana haraka. Mpishi huingia kabla ya kengele ya kwanza na hutoka baada ya chakula cha mchana, na katika somo la usafi hakuna anayemtaja. Kisha Ijumaa jioni wanafunzi hukusanya makaratasi, majani na mifuko ya nailoni, hizi kaveera zetu, wakavirundika nyuma ya madarasa na kuvitia moto. Kazi hiyo huitwa usafi wa mazingira. Tumeyachagua maneno vizuri kweli! Uwanja unang'aa, na uchafu wote uliokuwa chini umepelekwa katika vifua vya waliokuwa wakiuokota.

Twadai mambo ambayo hayangoji wafadhili. Shule iache kuchoma plastiki, leo, kwa amri ya mwalimu mkuu. Banda la jiko lipigwe dohani na liwekwe jiko linalobana moto; mafundi wa kazi hiyo wapo katika kila wilaya na gharama yake hurudi katika kuni zisizonunuliwa. Shule zilizo kando ya barabara kuu zisipange gwaride na michezo katika saa za foleni ya asubuhi. Vipimo vya Makerere vinapopatikana, mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuandika ubaoni, kwa Kiswahili, uchafu wa hewa wa siku hiyo, chini ya tarehe. Na insha ya muhula ujao isiwe tena "Maendeleo ya Mji Wetu". Iwe "Nani Anachafua Hewa Yetu?", na atakayeandika ukungu mahali pa moshi apewe nafasi ya kutoka nje, anuse, arudi asahihishe.

Wazazi nao watakusanyika mwishoni mwa muhula, na mhasibu atasoma hesabu za shule kwa sauti ile ile ya kila mwaka: chaki, chumvi, posho, maharage, kuni. Afikapo kwenye kuni, mmoja wetu asimame. Aulize kwanza ni kiasi gani kimetumika, maana hilo litajibiwa upesi. Halafu aulize dawa ya macho ya mpishi imeandikwa katika mstari gani, na asiketi mpaka amejibiwa.